Mwanzi wa mama mkubwa: kisa cha kisima kimoja Newala

Mama mkubwa alifariki Juni mwaka juzi, alfajiri, saa zile watu wa mtaa wetu hapa Newala wanatoka na mashine mgongoni kwenda kupulizia salfa, ule unga wa njano wa dawa, kwenye mikorosho kabla upepo haujaamka. Waliosikia kilio walikuja vile vile walivyo, nyuso za njano, wakashusha mashine uani ndo wakaingia kutoa pole. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Siku arobaini baadaye tukafanya hitma yake, na asubuhi ya hitma kisima chake, kile ambacho nusu ya mtaa ilikuwa inakitegemea, hakikuwa na maji ya kupikia hata sufuria moja ya pilau. Ndoo ilikuwa inagonga sakafu. Tukaagiza boza la maji.

Hicho kisa nataka nikieleze chote mwanzo mwisho, maana tangu afe kila anayemtaja anamtaja kwa neno moja, huruma. Alikuwa na huruma sana yule mama. Sibishi, alikuwa nayo, ila mi naona neno hilo peke yake linampunja. Huruma hata sisi tuliobaki tulikuwa nayo, tena nyingi, na ndo iliyokausha kisima kwa siku arobaini. Mama mkubwa alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu yake hatukuiona kwa sababu alikuwa anaifanya kimya kimya na kijiti mkononi.

Kwa asiyepajua Newala, tuko juu ya uwanda wa Makonde. Ukienda kusimama pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, unaliona bonde la Ruvuma lote limelala chini na Msumbiji ng'ambo, na maji ndo yako huko, chini. Huku juu ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inazama yote, mto huna, kijito huna. Bibi zetu walikuwa wanateremka ule mteremko usiku wa manane na mitungi, wanafika chemchemini wanapanga foleni, wanapanda na jua kichwani. Siku hizi mabomba yapo, maji yanasukumwa na mashine toka mabondeni, kuna wiki yanatoka na kuna wiki bomba linapiga mluzi tu. Kwa hiyo mwenye uwezo anachimba shimo nyumbani kwake, anajengea tofali, anapiga plasta na niru, anamwaga zege juu, alafu anafunga gata kwenye bati maji ya mvua yaingie humo. Tunaita kisima ingawa maji yake yanatoka mbinguni.

Cha mama mkubwa ni mita tatu kwa tatu, kina mita tatu. Alikijenga kwa hela ya korosho. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala, ilipoingia huku Mtwara, msimu wa 2007/2008, mkulima alikuwa analipwa malipo ya kwanza akishapeleka mzigo ghalani, alafu mbele ya safari yanakuja malipo ya pili. Watu wengi malipo ya pili tuliyachukulia kama hela ya kuokota, ikija ni redio, ni pikipiki ya mkopo, ni ngoma ya unyago ya kuwaonyesha majirani kwamba na sisi tumo. Yeye malipo ya pili ya misimu mitatu hakuyagusa. Mi nafanya kazi ya ukarani kwenye chama cha msingi cha ushirika, napima magunia msimu mzima, nawajua watu kwa hela zao kuliko wanavyojijua, na nawaambia mjane mwenye mikorosho michache kutunza malipo ya pili misimu mitatu huku mabati ya nyumba yake yana kutu si jambo dogo. Mabati mapya yenyewe aliyanunua kwa ajili ya kisima, si kwa ajili ya kulala pakavu.

Shimo walichimba vijana wa kulipwa lakini mchanga na kokoto walibeba wanawake wa mtaa, waislamu na wakristo, yeye anawapikia ugali wa muhogo na kisamvu. Hawakulipwa. Hilo likumbukeni, litarudi mbele.

Sasa utaratibu wake. Mfuniko wa kisima ulikuwa na kufuli, ufunguo anaufunga kwenye pindo la khanga. Anafungua mara moja kwa siku, alfajiri baada ya swala, zinatoka ndoo saba za lita 20, anafunga. Mbili za nyumba yake. Nne zina wenyewe: aliyejifungua na hajatimiza arobaini, mgonjwa asiye na mtu wa kumchotea, mzee asiye na mjukuu wa kumtuma. Ya saba haina mwenyewe, inakaa kwenye pipa jikoni inasubiri usiku, maana usiku ndo uchungu unamshika mtu na usiku ndo mtu anakufa, na maiti haingoji bomba litoke. Ikilala bila kuhitajika, kesho zinachotwa sita.

Mwingine yeyote akija anaambiwa hapana. Hapa ndo panaposahaulika kabisa watu wakianza kumsifia. Alikuwa anakataa watu kila siku. Alimkataa mwalimu, alimkataa mtoto wa shehe, na Idd moja alimkataa mama yangu mzazi, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuja na ndoo mbili anataka kufua nguo za sikukuu. Nilikuwepo, nimeshika ndoo ya pili. Akamwambia, "Mdogo wangu, nguo ikikaa chafu siku tatu haifi." Mama alinuna hadi Idd ya pili. Kuna waliomwita bahili, kuna waliosema anajifanya serikali, na yeye wala hakuwa anajibu, anamwagilia mchicha wake maji aliyooshea vyombo, anaendelea.

Ukishikwa kweli, una wageni wa harusi au mtoto kamwaga maji yote, alikuwa anakukopesha ndoo moja, ila hailipwi kwa hela na wala si kwa maji. Inalipwa kwa kazi mwezi wa kumi, kisima kikishashuka, mnaingia kusafisha. Yote yaliandikwa kwenye kaunta buku. Kuandika alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, ni wale wasichana wa mwaka 1973 waliokaa kwenye vikundi chini ya mwembe kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya redioni, choo kichimbwe, maji yachemshwe. Herufi zake kubwa, zimelala upande mmoja. Majina hakuandika, aliandika "wa mwembeni", "mama mapacha", "babu wa cherehani", na mbele ya kila mmoja vijistari.

Basi akafa. Msibani mjomba alisimama akatangaza kama ilivyo ada, anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na anayedaiwa naye ajue deni la maiti ni zito. Hakujitokeza wa kudai. Kwenye maji hakuna aliyefikiria kitu, msiba ni watu wengi, kisima kilifunguliwa siku tatu mfululizo kwa kuosha, kwa kupika, kwa wageni kutawadha, na ndivyo inavyotakiwa, hata yeye angekuwa hai msibani alikuwa anafungua.

Siku ya nne kaka yangu, mwanae wa kwanza, akawa anajiandaa kurudi Dar. Ufunguo anao yeye. Akasimama barazani mbele ya watu huku analia, akasema mama yake hakuwa mtu wa kunyima watu maji, na yeye hatakuwa mtu wa kuweka kufuli kwenye sadaka ya mama yake. Akalitoa kufuli. Kila mtu aje achote, thawabu zimwendee marehemu. Watu waliitikia amin, na mi niliitikia, kwa sauti, na nililia. Naandika hivyo kwa sababu sitaki mtu amlaumu kaka peke yake. Tulikuwa uani watu kama 60 na hakuna aliyeona tatizo. Hata wale waliowahi kukataliwa maji na mama mkubwa mwenyewe, mama yangu akiwemo, tuliitikia amin kwa maneno ambayo tulijua si kweli. Alikuwa ananyima. Kunyima ndo kulikofanya maji yafike Novemba.

Hakuna aliyefanya ulafi, nimewauliza mmoja mmoja baadaye. Nyumba kama 12, kila nyumba ndoo mbili, siku nyingine tatu. Ukiangalia ndoo mbili kwa nyumba yenye watoto watano si kitu. Mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukaingia, kamba ya ndoo ikawa inaongezwa urefu na kila anayeongeza anadhani ni yeye tu kachelewa kufika siku hiyo. Juma la mwisho maji yalikuwa ya rangi ya chai. Alafu ndo ile asubuhi ya hitma.

Boza lilikuja saa nne, tumechanga. Dua ikasomwa, watu wakala, na jioni mjomba akatuita ndani wanafamilia. Kaka alikuwa amekuja toka Dar, anauliza nani alikuwa anauza maji. Alikuwa na hakika kuna mtu kayauza. Mwingine akasema kisima kimepasuka, aletwe fundi. Mwingine akasema ni jicho la watu. Tulizunguka hapo karibu masaa mawili, na aliyekuwa na jibu alikuwa jikoni anaosha masufuria.

Ni mjukuu, binti wa darasa la sita, aliyelelewa na bibi yake tangu ananyonya. Nilipoingia kumsaidia vyombo akaniuliza taratibu, "Mama mdogo, mwanzi wa bibi nani kauchukua?" Nikamuuliza mwanzi gani. Akaniongoza hadi nyuma ya nyumba. Ulikuwa umesimama kwenye kamba ya kuanikia nguo, umefanywa nguzo. Kabla ya hapo, akaniambia, wavulana waliuchukua kuangulia mapapai.

Nimeushika mwanzi huo mara nyingi tangu siku ile. Unazidi mita tatu kidogo, mweusi kwa moshi maana ulikuwa unakaa juu ya dari ya jiko, na katikati pale anaposhikia umeng'aa kama mpini wa jembe la zamani. Upande mmoja kuna alama za kisu, zimekatwa kwa nafasi sawa, kama upana wa kiganja na kidole gumba. Nilizihesabu 27. Mbili za chini kabisa zimekatwa msalaba.

Binti akaeleza. Kila Ijumaa bibi anafungua mfuniko, wanauteremsha wote wawili hadi ugonge chini, wanautoa, wanaangalia umelowa hadi alama ya ngapi. Ikiwa maji yameshuka alama moja toka Ijumaa iliyopita, sawa. Yakishuka zaidi ya alama, wiki inayofuata zinapunguzwa ndoo, hata zikiwa za nyumbani. Yakishuka pungufu ya alama moja anafurahi na kuna mtu anapata wiki hiyo. Misalaba miwili haiguswi mpaka mawingu yaonekane. Ijumaa ya mwisho kabla ya kufa kwake? Ishirini na mbili. Mtoto alisema bila kufikiri, kama anataja umri wake.

Usiku ule sikulala, nilikaa na simu napiga hesabu, kazi ambayo nailipwa na sikuwahi kuifanya kwa ajili yake. Mita tatu mara tatu mara tatu ni lita 27,000, ndoo 1,350. Ukitoa saba kwa siku unapata siku 192, wiki 27 na kidogo. Masika yakikatika mwanzoni mwa Mei na kisima kimejaa, saba kwa siku zinakufikisha hadi katikati ya Novemba, na kwa vile kuna siku zinatoka sita unasogea hadi mvua. Ndoo saba kwa siku, kwa wiki ni 49, yaani lita 980, na kwenye kisima cha upana ule maji yanashuka karibu sentimita 11. Nikachukua rula ya mtoto nikapima nafasi ya alama kwa alama kwenye mwanzi. Kumi na moja. Nyingine kumi na moja kasoro. Sijui alianza na ndoo akapata alama au alianza na alama akapata ndoo, na sina wa kumuuliza tena.

Alama 22 ni ndoo 1,078. Toa za msiba, kwa makadirio yetu 150. Zinabaki 928 za kugawa kwa siku 37, ni ndoo 25 kila siku. Ndo zile ndoo mbili mbili za nyumba 12 na moja juu. Hakuna aliyeuza, hakuna ufa, hakuna jicho. Asubuhi nikamwonyesha kaka kwenye daftari. Alikaa kimya muda mrefu alafu akasema, "Dada, mi nilidhani nampa heshima." Nikamwambia sote.

Nikikichambua hiki kisa naona tulikosea sehemu mbili, na ya kwanza naiona kubwa zaidi. Tulimwangalia anavyotoa, hatukumwangalia anavyopima. Anayetoa anaonekana, ndoo inavuka uani, mtu anashukuru, inasimuliwa. Kupima kulifanyika Ijumaa nyuma ya nyumba, mbele ya mtoto mmoja. Kwa hiyo tuliporithi, tulirithi kile tulichokiona. Na huku kwetu tumezoea mwanamke akifanya jambo la watu tunaliita roho nzuri, kwamba kazaliwa nayo, akifanya mwanaume hilo hilo tunauliza aliliendeshaje. Kwenye chama chetu mwenyekiti akiondoka kuna makabidhiano, stoo inahesabiwa, vitabu vinasainiwa. Kwa mama mkubwa tuligawana khanga.

Ya pili ni yule binti. Alikuwa nyumbani humo humo siku kufuli linatolewa. Nilimuuliza kwa nini hukusema mwanangu. Akanijibu kwamba wakubwa walikuwa wanalia.

Kikao cha ukoo hakikutosha, kwa hiyo mjomba aliita na majirani. Kaka alitaka alirudishe kufuli na ufunguo ukae kwa familia. Hapo ndo alisimama mama mmoja, mkristo, wa nyumba ya pili toka kwetu, akasema kwa heshima zote mjomba, mimi nilibeba mchanga wa kisima hiki na mimba ya miezi sita, na mimi nadaiwa kazi, nimo kwenye buku, someni. Tukasoma. "Mke wa fundi, ndoo 3." Wakaanza kusimama mmoja mmoja, wengine wanataja madeni ambayo kwenye buku hayamo. Mjomba akasema basi, nyumba ni ya watoto, kisima kitakwenda kwa utaratibu wa mwenyewe aliyekijenga.

Ila maji hayakuwepo, Julai hadi Novemba ni mbali, na kati ya wale wa ndoo nne alikuwepo mama aliyejifungua wiki moja nyuma. Wanawake waliamua hivi: nyumba saba zenye visima mtaani, kila moja itoe ndoo moja kila siku alfajiri, ziende kwa wale wale. Binti anaandika. Sitaki kuwadanganya kwamba ilikwenda vizuri. Agosti yote zilikuwa saba. Septemba nyumba mbili zilijitoa, moja wamekaukiwa kweli, nyingine hawakutoa sababu. Tukabaki na tano, baadaye nne, na kuna babu tulimpelekea maji siku moja akasema jana hakuna aliyekuja. Mama mkubwa angekuwepo jana ingekuwa na ndoo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwezi wa kumi tukaingia kusafisha. Tulishusha ngazi, tukaingia wanne kwa zamu, fagio za chelewa na makopo ya kuzoa tope. Ndani kuna ubaridi na sauti inarudi, ukikohoa kinakohoa na wewe. Mke wa fundi alipiga zamu tatu, moja kwa kila ndoo, akatoka amelowa tope hadi kwenye nywele, akamwambia binti, "Futa." Binti akachora mstari juu ya deni lake.

Mvua zilianza mwishoni mwa Novemba. Ya kwanza ikaja usiku, watu wakataka kuunganisha gata, binti akakataa. Bibi alikuwa anaacha mvua mbili za mwanzo zipite nje, kwa sababu bati limeshika salfa na vumbi la kiangazi kizima. Watu wazima tumesimama mvuani tunaangalia maji yanamwagika chini na kisima kikavu pembeni, na mtoto amesimama mbele ya bomba la gata kama askari. Tukamwachia. Ya pili ikapita. Ya tatu ilinyesha Alhamisi, kubwa, karibu saa nzima, na gata ikaunganishwa.

Ijumaa baada ya swala tulifungua mfuniko. Yeye akashika pale panapong'aa, mi nikashika juu, tukauteremsha hadi ukagonga. Tulipoutoa ulikuwa umelowa hadi alama ya pili, misalaba yote miwili. Akauegesha ukutani, akafungua kaunta buku kwenye ukurasa mpya akaandika 2, alafu akafunga kufuli na kuufunga ufunguo kwenye pindo la khanga aliyojifunga, ile ya bibi yake.